Mwoshaji Asiyetaka Kuoshwa

Kama kuna neno lililomchefua Nulu mwaka ule, ni "umepona". Daktari alilisema huku akiandika, bila kuinua kichwa: titi limeondolewa, dawa zimekwisha, mshukuru Mungu, nenda nyumbani. Huko nyumbani, Kimaka, majirani wakalidaka. Walikuja na sukari na sabuni, wakaketi mkekani, wakamwambia amepona, na macho yao yote yalikuwa kifuani pake upande wa kushoto. Mtu aliyepona hujifungia ndani miezi mitatu? Mtu aliyepona huoga na gauni mwilini ili asijione? Hayo hakuna aliyeyauliza.

Kabla ya hapo Nulu alikuwa mtu wa kuogopwa kidogo. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyewaosha wanawake wa Kiislamu waliofariki upande ule wa Jinja, tajiri kwa maskini, na wenzake walimwita Afande kwa jinsi alivyoamrisha. Wewe shika pazia. Wewe lete maji ya vuguvugu, usilete ya kuchemka, huyu si kuku. Anayetaka kulia akalie nje. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa nyingine: alichokiona juu ya kitanda cha kuoshea hakikutoka mdomoni mwake. Makovu, mimba za siri, alama za vipigo, vyote alivifunika. Ndiyo sheria ya kazi ile, na Nulu aliishika hata watu wazito walipokuja kumchimba.

Sasa mfikirie mwanamke huyo, anayejua vizuri mwili hufanywa nini siku ya mwisho, amerudi nyumbani na kifua kilichoshonwa. Kufa hakukumtisha. Kilichomkosesha usingizi ni kile kitanda. Alijua akina nani watashika pazia na nani atamwaga maji, na alijua midomo yao haina kufuli. Alijiona anageuzwa ubavu, nao wanakonyezana. Akaacha kula, akaacha kuswali. Walipokuja kumwita msibani akawaambia mkono unamuuma. Mkono ulimuuma kweli, ila sababu haikuwa hiyo. Hakuweza tena kuutazama mwili wa mwanamke uliokamilika.

Shemeji zake wakaamua kwamba ana majini. Wakaleta mtu na kitabu na chupa ya maji, Nulu akamrushia ndoo.

Aliyebaki kuja ni Nuriat, muuza samaki, jirani wa ukuta mmoja, rafiki yake tangu wote wawili wakiwa maharusi. Kila Ijumaa alileta sato wa kukaanga, akaketi, akazungumza habari za watoto, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, kisha akaufunga. Nulu alijiambia kuwa anajua kilichomleta. Umbea. Ijumaa moja Nuriat akapiga moyo konde.

"Mama Rahmah," akasema polepole, akimwita kwa jina la bintiye, "hiyo kitu ilianza namna gani? Ilikuwa inauma?"

"Unataka ukaiuze sokoni pamoja na samaki?" Nulu akamjibu. "Toka kwangu."

Nuriat akachukua sahani yake akatoka. Hakurudi Ijumaa iliyofuata, wala nyingine.

Hatimaye Rahmah, binti yake, alikuja kumchukua akampeleka kwake Mbale, mtaa wa Malukhu, ambako ana duka dogo la vitambaa. Huko mkono wa kushoto ukavimba, wakaenda zahanati ya karibu. Muuguzi aliyeitwa Nabalayo aliufunga mkono vizuri, kisha akauliza kama analala. Nulu akasema mkono unauma sana kunapokucha.

"Mimi nauliza wewe, mama," Nabalayo akasema. "Siulizi mkono."

Nulu alikasirika mpaka akalia. Mwaka mzima amepimwa damu, amepimwa mkojo, amepigwa picha mbele na nyuma, na swali lile dogo lilikuwa halijamtoka mtu yeyote kinywani. Nabalayo alimweleza kwamba huzuni ya namna ile nayo ni ugonjwa, huwapata wengi waliokatwa kiungo, na una matibabu. Tena akasema hayo alipaswa kuambiwa siku ile ile aliyoruhusiwa kutoka hospitali. Nulu akamkumbuka daktari na kalamu yake, akataka kumfuata alikokuwa amnyang'anye.

Akaanza kwenda kwa Nabalayo kila Alhamisi. Akapewa vidonge vya kumeza jioni. Chakula kikaanza kuwa na ladha, akarudi kwenye mswala wake. Kuosha tu ndiko alikokula kiapo kwamba hatarudi.

Ndipo simu ikapigwa kutoka Jinja. Nuriat amefariki, na wanasema ni ugonjwa wa sukari uliokuwa ukimkondesha ndio uliommaliza. Na ameacha wasia: aoshwe na Nulu, na asionwe na mwingine yeyote.

Nulu akasema hapana. Akasema wanawake wamejaa Jinja, wenye matiti mawili na mikono mizima, wamwoshe wao. Rahmah aliendelea kukunja vitambaa. Nulu akazunguka chumba, akamlaani Nuriat kwa kumkumbuka wakati umekwisha, kisha akajifunga mtandio. Adhuhuri walikuwa Kimaka.

Rahmah alisimama nje ya pazia akipitisha maji bila kutazama ndani, kama wasia ulivyotaka. Nulu akaifunua khanga kifuani.

Titi la kulia lilikuwa limezungushiwa matambara ya kitenge, tabaka juu ya tabaka. Chini yake palikuwa na donda bichi, na pembeni nyama ilikuwa ngumu kama kisigino. Nulu alikuwa amewaosha wengi, alijua donda la wiki na donda la mwaka. Hili lilikuwa limeshapita mwaka. Sukari haikuwahi kuwapo.

Alisimama na kopo la maji mkononi, na Ijumaa zote zile zikamwangukia kwa pamoja. Mwanamke huyu hakuwa amekuja kuchungulia. Alikuja kuuliza. Aliona jinsi walivyomtazama Nulu, alisikia habari za majini, akaogopa kuipita njia ile, akamwendea mtu mmoja tu ambaye angeweza kumwonyesha. Na mtu huyo akamfukuza na sahani yake.

"Mjinga wewe," Nulu akamwambia Nuriat kwa sauti ya chini, machozi yakimtiririka. "Na mimi mjinga zaidi. Ilianza kama punje ya harage. Haikuuma. Haikuuma hata kidogo."

Akamwosha. Alianza na upande wa kulia kama ipasavyo, mara tatu, mara tano, na donda akalipitia kwa pamba taratibu, akalifunika kwa pamba nyingine, akatia kafuri, akamvika sanda. Hasira yote iliyokuwa kifuani mwake haikugusa mikono.

Alipotoka, wanawake walimzunguka wakitaka kujua marehemu alikuwaje. Akasema alikuwa safi. Wakati huo Mastula, binti pekee wa Nuriat, alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka Nairobi, begi lingali begani. Alipita katikati yao akamshika Nulu mkono.

"Mama Rahmah, mama yangu ameuawa na nini? Nimeuguza watu wa sukari. Hawafi hivi."

Nulu alikuwa ameishika sheria ile miaka ishirini na miwili. Siri ya Nuriat haikuwa yake kuitoa. Lakini alikuwa na yake mwenyewe.

Akafungua vifungo vya gauni, pale pale mbele ya wanawake wote, akauchukua mkono wa Mastula akauweka juu ya kovu.

"Ya mama yako sisemi," akasema. "Yangu ni hii. Kesho asubuhi mimi na wewe tunakwenda hospitali wakupime. Usiniulize zaidi."

Mastula akalifuata kovu kwa vidole, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa ameelewa.

"Na nyinyi tazameni vizuri," Nulu akawageukia wengine. "Mshangae leo, ili siku mtakayoniosha mfanye kazi."

Nyuma, mmoja wao akanong'ona kwamba ugonjwa wa kichwa umemrudia. Nulu alimsikia.

"Haukwenda popote, na dawa yake nameza kila jioni," akasema. "Wewe umejishika kifua lini?"

Mkono wa yule mwanamke ulikuwa umeshaingia chini ya mtandio, ukitafuta.