Ashindwe na Alegee

Bado nina hasira, na sitaki kuambiwa niiache.

Mimi ni nesi. Nafanya zamu za saa kumi na mbili mfululizo katika hospitali moja karibu na Washington, na naishi mji wa Laurel. Mwaka juzi nilimwinua mgonjwa mzito peke yangu, maana mwenzangu alikuwa ameitwa chumba kingine, na mgongo ukalia ko! Daktari akasema nisipojifunza kuunyoosha kila siku, kazi hiyo nitaiacha. Akanituma kwenye yoga. Nilipomweleza mama kwa simu, akauliza kama uyoga wa Marekani unaliwa mbichi.

Tatizo lilikuwa muda: nafasi ya yoga niliipata alfajiri tu, kabla ya kazi. Sisi Wakenya wa huku tuna laini ya maombi kila siku saa kumi na moja alfajiri: unapiga namba, unazima maiki, unasikiliza wenzako wakiomba mpaka zamu yako ifike. Alhamisi nilikuwa naongoza mimi. Miaka minne sikukosa hata moja. Sina ndugu huku, na kwa kweli wale watu wa Alhamisi ndio waliokuwa ukoo wangu.

Basi nikavichanganya. Simu kando ya mkeka ikiwa kwenye laini, tableti mbele yangu ikinionyesha mwalimu wa yoga. Jumanne moja nikasahau kuzima maiki. Mwalimu akavuta pumzi, akaanza: "Oommm."

Mwenyekiti wetu, mama mmoja wa Temple Hills mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akakatiza maombi.

"Wapendwa, mnasikia hiyo? Hiyo si network, hiyo ni roho! Tunai-rebuke! Ashindwe!"

"Ashindwe na alegee!" laini nzima ikaitikia.

Nami, kichwa chini makalio juu, nikaitikia kwa nguvu kuliko wote. Hapo hapo mwalimu akatuambia tulegeze mabega, tulegee kabisa. Sauti yangu na yake zikatoka pamoja, na kila mtu akajua ile roho inakaa nyumba gani.

Jioni mwenyekiti akapiga simu.

"Sister, kumbe ni wewe? Na vile tumekuombea huo mgongo!"

"Mama, hayo ni mazoezi tu. Daktari ndiye aliniambia."

"Daktari hajui ni mlango gani umefungua. Thursday utatubu kwa line, watu wote wasikie. Ukikataa, kuongoza utawaachia wengine."

Waliniombea, ndiyo. Nilipoumia, wiki tatu nililala sakafuni, siwezi hata kuvaa soksi, na simu yangu ikajaa aya na vile vipicha vya mikono iliyounganishwa. Hakuna aliyekuja na uji. Nusu ya wale kina mama ni manesi na watunza wazee, wanajua kumgeuza mtu kitandani, na kutoka Temple Hills mpaka Laurel si safari ya kufungasha chakula. Nilipopata nafuu ndipo wote wakapata nafasi ya kunishughulikia!

Alhamisi ilipofika nikapiga ile namba.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina."

Wakangoja toba. Nikawaambia sina la kutubu, kwamba nilipokuwa chini sikumwona hata mmoja wao mlangoni, na kwamba kama kuna wa kutubu... Mwenyekiti akaanzisha pambio katikati ya sentensi yangu. Wote wakamfuata, na makofi juu. Nikakata simu.

Sasa Alhamisi inaongozwa na mtu mwingine. Mgongo umepona, napiga magoti bila kushikilia kitanda, jambo lililonishinda mwaka mzima. Nikimaliza kunyoosha viungo naomba kwa sauti, kwa Kiswahili, kama nilivyozoea, halafu bila kufikiri nanyamaza ili wenzangu waitikie amina. Nasikia friji tu. Hapo hasira inanipanda upya, nachukua funguo za gari, naenda kazini.