Seti ya Mtoto Niliyoifua Mara Saba

Jamani, hili jambo nilisema sitalisimulia mpaka nakufa, maana tangu litokee nikipita sokoni hata wauza samaki wanaacha kunitajia bei wanabaki kunitazama, lakini kwa kuwa kila mtu hapa Rasbura ana maelezo yake na mengine yametiwa chumvi (eti mtoto alilazwa hospitali, uongo mtupu, alifika kwenye bajaji tu), heri mlisikie kwangu mimi mwenyewe mhusika, mcheke mmalize, tuendelee na maisha.

Chanzo ni mbwa. Mume wangu Selemani ana shamba la mikorosho kule Milola, na pembeni kapanda mihogo ambayo nguruwe pori wameifanya yao, basi siku moja karudi na kimbwa kidogo kwenye boksi la sabuni, akasema tutakilea hapa mjini mpaka kikomae ndipo akipeleke shamba kulinda. Akakiita Bosi, na kweli tukapata bosi, maana toka siku ile hakuna mtu nyumbani aliyempangia kitu. Ana miezi mitano, meno kama sindano, na chochote kinachoning'inia anakihesabu ni chake: kanga kwenye kamba, mkanda wa ndala, mpira wa kumwagilia, shungi langu nikiwa nimelivaa. Mama mkwe wangu, Bi Mwajuma, alipomwona hakugomba. Alisema tu, "Mbwa wa shamba hana ubaya, Somoe. Lakini asivuke kizingiti chako. Mimi huwa naswali humo ndani." Nikasema sawa Mama, havuki. Nilisema kwa mdomo wangu huu huu.

Sasa wifi yangu Fadhila, mdogo wake Selemani, kajaliwa mtoto wa kiume baada ya miaka tisa ya ndoa. Miaka tisa! Mnaelewa mtoto wa namna hiyo anavyopokelewa. Na mimi mnajua nafuma, vitambaa vyote vya makochi mnavyoviona mtaani kwetu vingi ni mkono wangu, ila miaka kumi na mbili nimo kwenye ukoo ule na mama mkwe hajawahi kunikabidhi jambo lolote la maana, kwenye shughuli zake zote mimi ni mmenya vitunguu. Safari hii kaja mwenyewe na mfuko wa uzi mweupe, kavikagua vidole vyangu kama ni safi, akaniambia, "Fuma sweta, suruali, kofia na soksi. Siku ya arobaini nitamtoa mtoto nje mwenyewe, na atavaa nguo ya mkono wako." (Msiniulize sweta ya nini Lindi na joto hili, huku kichanga kisipovishwa sweta watu wanamuuliza mama yake kama ana akili timamu.)

Nilifuma kama mtu anayefanya mtihani. Mstari ukipinda kidogo nafumua, naanza upya. Siku nne kabla ya shughuli nikamaliza, nikaipanga seti yote kwenye kikapu juu ya kigoda, na mvua ikaanza kunyesha, na Bosi akaanza kulia kwenye mlango wa uani. Alilia kilio cha yatima. Nikajiambia dakika tano tu, akauke, halafu atoke. Nikamfungulia, nikaenda kuswali adhuhuri.

Nilipotoa salamu ya kumaliza swala nyumba ilikuwa kimya, na mwenye mbwa mdogo anajua ukimya ule hauna heri. Bosi alikuwa amelala ndani ya kikapu. Ndani kabisa, kajikunja, sweta chini yake, suruali kaiegemezea kidevu, kofia kaishika kwa miguu ya mbele anaitafuna taratibu kama mtu anayekula muwa, na soksi moja ilishafumuka yote, uzi wake umezungushwa miguu ya meza, ukapita chini ya kochi, ukaishia sikioni mwake. Na aliponiona akatikisa mkia! Nilimtoa nje kwa sauti ambayo jirani yangu Bi Zuhura aliuliza ukutani kama kuna msiba.

Hakuna kilichochanika, alhamdulillahi, ila kila kitu kilikuwa chepechepe kwa mate ya mbwa. Hayo tumefundishwa wote chuo cha Kurani tukiwa watoto: unaosha mara saba, moja ya udongo. Nikaosha. Nilichota udongo uani kwangu, na nyinyi mnaujua udongo wa kwetu ulivyo mwekundu, nikaukoroga, nikachovya, kisha maji, maji, maji, mpaka saba zikatimia. Twahara ikapatikana. Weupe ukapotea. Seti ilitoka na madoa, huku rangi ya chai, huku rangi ya kutu, nikasugua mpaka vidole vikachubuka na madoa yananiangalia tu.

Hapo mtu mwenye akili angejifunga kanga yake akaenda kwa mama mkwe kusema yaliyompata. Mimi nikaenda kwa Bi Zuhura. Bi Zuhura anasuka mikeka, na ana ile rangi ya unga ya kutia ukili. Nikamwomba nyekundu kidogo. Akasema, "Ichemshe sana na chumvi, la sivyo haishiki." Nikaitikia kwa heshima zote, nikarudi nyumbani, nikaogopa uzi utasinyaa motoni, nikatumia maji ya uvuguvugu. (Nijibuni nyinyi, kwa nini nauliza watu mambo halafu nafanya yangu?) Ila ilitoka nzuri, wallahi, nyekundu iliyokolea, madoa hayaonekani. Nikafuma soksi nyingine kwa uzi uliobaki, nayo nikaitumbukiza humo humo. Mama mkwe alipoiona aliuliza mbona nyeupe imekuwa nyekundu, nami nikajibu bila kupepesa macho, "Ndiyo inayovaliwa sasa hivi, Mama. Nyeupe imepitwa." Akaniamini.

Siku ya arobaini uani kwake palijaa wanawake, mikeka imetandikwa mpaka kwenye ngazi. Mtoto kanyolewa, kavishwa seti yangu, mama mkwe kampakata akiwa na dera jeupe pepe, akasema mbele ya wote, "Hii kafuma mke wa Selemani. Mkono wa mkwe wangu huu." Nilikuwa jikoni na kisu cha vitunguu, nikaitwa nitoke nionekane. Nikatoka. Vigelegele. Nikasema moyoni, Somoe, leo umefika.

Na mtoto akakojoa.

Alikojoa vizuri, mtoto aliyeshiba, na jua lile na jasho, na mkojo ukapita kwenye suruali ukatoka mwekundu, ukateremka kwenye dera jeupe la bibi yake mpaka kwenye mkeka. Mmoja akapiga kelele: "Damu! Mtoto anatoka damu!" Basi. Waliokuwa wameketi walisimama wote kwa pamoja, sinia la vitumbua likapinduka, Fadhila akamnyakua mwanawe akakimbia miguu mitupu barabarani akilia, "Mwanangu! Jamani mwanangu!", na mumewe alishasimamisha bajaji na dereva alishaiwasha. Mimi nilikuwa nimeganda. Nawaambia ukweli, kwa muda kidogo niliwaza ninyamaze, waende hospitali, daktari aseme mzima, lawama zipotelee huko huko. Halafu nikaiona sura ya Fadhila. Miaka tisa. Nikakimbia na kisu changu mkononi nikashika nguzo ya bajaji.

"Si damu! Ni rangi!"

"Rangi ya nini?" mama mkwe kafika nyuma yangu, anahema.

"Ya mikeka, Mama."

Bi Zuhura akasogea, akaigusa suruali, akanusa kidole. "Yangu hii! Si nilikwambia uchemshe?"

"Na rangi ya mikeka uliitia ya nini?" mama mkwe akauliza.

"Kuficha madoa."

"Madoa ya nini?"

"Ya udongo."

"Udongo wa nini kwenye nguo ya mtoto?"

Hata dereva kazima bajaji asikie vizuri. "Wa kutwaharisha, Mama. Bosi alilala kwenye kikapu. Nilimfungulia mlango."

Alinitazama mpaka nikatamani nguruwe wa Milola waje wanibebe. Kisha akauliza taratibu, "Uliosha mara ngapi?"

"Saba."

"Na ya udongo ilikuwemo?"

"Ilikuwemo."

"Basi ilikuwa nguo safi. Ungeniletea na madoa yake ningemvika hivyo hivyo." Akamchukua mtoto kwa Fadhila, maana Fadhila alikuwa anatetemeka hawezi kumshika. "Tazama ulivyomfanya mwenzio, kwa ajili ya madoa."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Nilienda kulia chooni, na nilipotoka nikamalizia vitunguu vyangu.

Mtoto hakupata neno lolote, alikaa siku tatu na makalio mekundu, tukamuogesha yakaisha. Bosi alipelekwa Milola kesho yake asubuhi, na habari nilizonazo ni kwamba yeye na nguruwe wameshazoeana. Fadhila alinisamehe siku ya kumi, nilipompelekea uji wa mchele na kukaa naye mpaka jioni.

Mama mkwe alikuja wiki ya tatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka mfuko mezani: uzi mweupe, mpya. Akasema, "Utafuma tena. Ila utafumia kwangu." Kwa hiyo kila siku baada ya alasiri mimi mtu mzima, mama wa watoto watatu, nachukua sindano zangu naenda kukaa kwenye mkeka wa mama mkwe kama mwanafunzi aliyefeli. Nimeapa sitamficha tena kitu kilichoharibika mikononi mwangu, kiwe kikubwa, kiwe kidogo. Juzi nilikosea mshono mmoja kwapani, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika, nikataka niupitilize. Nikasimama nikampelekea.

Akavaa miwani, akautafuta mpaka akauona.

"Fumua," akasema.

Nikafumua.