Kufuta Wiki Nyumbani kwa Tobias Ooko

Nyumba za zamani za mtaa wa Ziwani, Nairobi, zimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya kwako, jirani anakuambia pole akiwa kwake. Katika mojawapo, yenye vyumba viwili na jiko dogo lililokingwa kwa pazia la maua, anaishi Tobias Ooko, fundi wa mabomba wa kaunti, pamoja na watoto wake watatu. Tobias si mtu wa maneno. Bomba likivuja chini ya ardhi, ataegemeza sikio na kukuonyesha pa kuchimba, lakini mtoto wake akinuna hajui aanzie wapi. Wanawake wa mtaa humsifu kwa upole, na hawakosei sana, ila upole mwingine ni woga tu uliovaa shati safi.

Mwenye maneno alikuwa mkewe, Norah. Norah alizaliwa upande wa Kendu Bay katika nyumba ya Wasabato, na alipoolewa Nairobi hakuja na vyombo vingi, alikuja na Ijumaa yake. Ijumaa ya Norah ilikuwa na kanuni. Kabla ya jua kutua, sakafu iwe imesuguliwa, chakula cha Jumamosi kiwe kimepikwa, nguo za kanisani ziwe zimepigwa pasi na viatu vipange foleni mlangoni viking'aa. Kisha wote waketi, na kabla ya kuimba na kusali, wafute wiki.

Kufuta wiki ni jina alilolibuni yeye. Maana yake ni kwamba kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, anataja baya alilomtendea mwenzake wa nyumba hiyo tangu Jumapili. Analitaja kwa jina na anamtazama aliyemkosea. Aliyekosewa akiridhika hujibu neno moja, "Limekwisha," na jambo likishajibiwa hivyo halirudishwi tena hata watu wagombane vipi. Mtoto akijaribu kuponyoka kwa kusema, "Mnisamehe kwa yote," Norah alikuwa akiinua nyusi na kumuuliza, "Yote ndiyo yapi?" Basi mtoto anaanza kuyatoa moja moja, sukari iliyolambwa, kofi lililopigwa kwa siri, daftari la mwenzake lililochorwa masharubu.

Saa yao ilikuwa adhana ya magharibi, inayosikika vizuri kutoka upande wa Pumwani. Muadhini akianza, Sabato imeingia, na anayetaka kufuta lake awe amekwisha kulifuta. Jirani yao Muhiba, mama wa Kiislamu aliyezaliwa mtaani hapo, alikuwa akimtania Norah kutoka kibarazani kwake. "Mama Jacky, nyinyi mnatumia muadhini wetu bila shukrani! Siku moja tutawadai mbuzi." Norah anacheka na kumpelekea sahani ya chapati.

Mtu mmoja tu alikuwa akisamehewa kanuni, naye ni Tobias. Kila Ijumaa zamu yake ilipofika alitazama magoti yake na kusema, "Mnisamehe kwa yote," na Norah, aliyekuwa hamwachii hata kitinda mimba, alimtazama mumewe kidogo kisha akajibu, "Limekwisha." Alimpenda na alimhurumia. Kama Norah alikosea popote katika malezi ya nyumba ile, alikosea hapo.

Mwaka jana figo zilimlaza Norah hospitalini wiki tatu. Ijumaa ya wiki ya tatu alituma ujumbe asubuhi: jioni waletwe watoto wote, wafutie wiki kando ya kitanda chake. Saa za kuwaona wagonjwa zilianza saa kumi na moja, na hospitali haikuwa mbali. Tobias alifika nyumbani saa kumi na nusu akakuta Jacklyne, kifungua mimba wake mwenye miaka kumi na mitano, amewaogesha wadogo zake na kuwavalisha. Okinyi, mvulana wa miaka kumi, alikuwa ameshika Biblia ya mama yake. Lenah, wa miaka mitano, alikuwa na riboni mbili kichwani.

Tobias akasimama mlangoni akaitazama nyumba. Sakafu ilikuwa na matope, maharagwe hayajainjikwa, viatu vya kesho vimetupwa chini ya kitanda. "Tukienda sasa tutarudi jua limetua na nyumba iko hivi," akasema. "Mama yenu hangependa. Tutaenda kesho tukitoka kanisani." Akavua shati la kazi, akachukua ufagio. Jacklyne alisema, "Baba, amesema leo," lakini Tobias alikuwa ameshainama chini ya kitanda. Alifagia, akasugua, akapika, akang'arisha viatu hadi ukaweza kujiona uso ndani yake. Adhana iliwakuta wamekaa mkekani, nyumba safi kama ya bi harusi.

Kesho yake kabla ya kanisa, simu ililia. Norah alikuwa amefariki alfajiri.

Tobias alipokwenda kuchukua vitu vya mkewe, muuguzi mmoja aitwaye Jecinta alimvuta kando. Akamwambia kwamba mama huyo aliomba kukalishwa jana jioni, akawa anatazama mlango mpaka saa za wageni zikaisha. Kisha akasema, "Ukiwaona watoto wangu na baba yao, waambie limekwisha." Jecinta hakujua ni nini kimekwisha. Tobias alijua, akamshukuru, akaubeba ujumbe ule pamoja na kanga na kikombe, akaenda nao hadi Kendu Bay kumzika mkewe, akarudi nao Ziwani, na hakumpa yeyote. Angewapaje bila kusema kwamba mama yao alikaa akitazama mlango? Alijiambia atautoa watoto wakikua. Mtu akitaka kuahirisha, hakosi tarehe.

Ijumaa ziliendelea. Hapo Tobias apewe haki yake, kwani wagane wangapi wa mtaani wangesugua sakafu wiki baada ya wiki? Lakini tangu Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi, Jacklyne hakuketi. Wengine wakitandika mkeka, yeye anaingia nyuma ya pazia la jikoni na kuosha vyombo, polepole, mpaka sala ya mwisho ipite. Kanisani anakwenda, shuleni anasoma, wadogo zake anawasuka na kuwafulia. Kuketi tu ndiko anakokataa. Tobias hakumuuliza. Moyoni alijua, au alidhani anajua: msichana anamshtaki. Anaona ana haki ya kumshtaki, na kila Ijumaa anatazama magoti yake na kusema, "Mnisamehe kwa yote," na Okinyi anajibu upesi upesi, "Limekwisha," ili wakaimbe.

Miezi kumi na mmoja ilipita hivyo. Halafu Alhamisi moja Okinyi, akiwa anatafuta soksi, akauliza bila hata kugeuka, "Baba, kesho ni lazima nikae? Jacky huwa hakai na hakuna kitu unamwambia. Mimi pia naeza osha vyombo."

Tobias akamtafutia soksi, akampa. Kazini siku iliyofuata, akiwa ndani ya shimo huko Huruma, maji yamemfika magotini, maneno yale yalimrudia mpaka mwenzake akamuuliza kama anaumwa. Aliona wazi. Mwaka huu Jacklyne, mwaka ujao Okinyi, baadaye Lenah, na kitu alichokilea Norah miaka kumi na sita kitamfia yeye mikononi, tena si kwa kukosa sakafu safi. Alisikia uchungu wa kweli, akaogopa.

Jioni waliketi watatu. Nyuma ya pazia, sahani ziligongana majini. Lenah akaanza, maana mdogo ndiye huanza. "Okinyi, nilikupiga na mwiko na nikasema ni wewe ulijipiga."

"Limekwisha," akasema Okinyi, akijishika kichwa. Zamu yake akasema alimwambia Lenah kwamba jino lake likitoka hataota lingine, na Lenah akafikiri kwanza kabla ya kumsamehe.

Ikafika zamu ya baba. Tobias akatazama magoti yake. Kinywa kikaenda chenyewe kwa mazoea ya miaka. "Mnisamehe kwa yote."

Lenah akainua nyusi. Alikuwa na miaka sita sasa, na wengi walidhani mama yake amekwisha kumtoka akilini. "Yote ndiyo yapi?" akauliza.

Ilikuwa sauti ya Norah ndani ya kinywa kisicho na meno mawili ya mbele. Sahani zikanyamaza nyuma ya pazia. Tobias akainua kichwa, na badala ya kumtazama Lenah akalitazama lile pazia, maana kanuni inasema umtazame uliyemkosea.

"Jacky," akasema. "Ile Ijumaa. Mlikuwa mmevaa, mko tayari, nikasema nyumba ni chafu. Haikuwa nyumba. Wiki ile nilimwona mama yako amevimba, mara ananijua mara hanijui, na niliogopa. Nilijua kwamba akiwaona nyinyi ataaga, na sikutaka aage. Ndiyo nikashika ufagio nikasema ni Sabato. Nilisingizia Sabato. Niliwanyima mama yenu, Jacky. Nisamehe."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo tangu siku ya harusi yake. Okinyi alikuwa amefumbua mdomo. Pazia likasogea, Jacklyne akatoka na mikono yenye povu, uso umelowa.

"Si wewe nilikuwa nakwepa," akasema.

"Ni nani basi?"

"Mama alipiga simu siku hiyo, nikaipokea huko nje. Wewe ulikuwa unafagia. Akaniuliza, mmefika wapi? Nikashindwa kumwambia hatuji. Nikamwambia tuko njiani, tumekaribia." Akajifuta povu kwenye sketi. "Alikuwa anangoja juu yangu, Baba. Nilimdanganya mama, na akakufa akingoja. Sasa nikikaa hapo, si lazima niitaje? Na nikiitaja, nani ataniambia limekwisha? Mwenyewe hayuko."

Tobias alitaka ardhi immeze. Miezi kumi na mmoja alidhani mtoto amekaa nyuma ya pazia kumhukumu, kumbe amejificha na mzigo wake, na neno la kumtua lilikuwa mfukoni mwa baba yake siku zote.

"Alikuambia," akasema.

"Nani?"

"Mama yako. Alimwachia muuguzi ujumbe jioni ile ile, saa za wageni zilipoisha. Alijua kwamba hatuji tena. Akasema, ukiwaona watoto wangu na baba yao, waambie limekwisha."

Jacklyne akakaa chini pale pale alipokuwa, sakafuni. Alilia kwa sauti, kilio alichokosa kulia kaburini kwa sababu alikuwa amembeba Lenah. Lenah akamfuata akamkalia mapajani na kumfuta machozi kwa gauni lake. Alipotulia kidogo, Jacklyne akainua macho, na macho yale hayakuwa na upole.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile."

"Baba. Mwaka mzima karibu. Kila Ijumaa mimi niko pale jikoni nakufa, na wewe unajua?"

"Hilo ndilo la pili," akasema Tobias. Safari hii hakutazama magoti. "Nilipewa maneno ya mama yenu niwaletee, nikayaficha ili kosa langu lisionekane. Nisamehe na hilo."

Upande wa Pumwani muadhini akaanza. Okinyi akamtazama dada yake, kisha baba yake, kisha dada yake tena, kwa sababu tangu azaliwe hajaona jambo likipitwa na adhana bila kujibiwa. Jacklyne naye alikuwa akisikiliza. Akaiacha adhana iende mpaka mwisho.

"Bado," akasema. "Sitaki kukudanganya kama nilivyomdanganya Mama. Bado, Baba."

"Sawa, mama."

"Uniulize Ijumaa ijayo."

Tobias akaitikia kwa kichwa. Ilimuuma, na papo hapo alitaka kumshukuru Mungu, kwa sababu msichana alikuwa ametaja Ijumaa ijayo. Jacklyne akasogea na Lenah wake mpaka mkekani, mahali alipokuwa akikaa zamani kati ya mama yake na ukuta, akaegemea ukuta. Lenah akaanzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, wakahangaika kumfuata.

Pazia lilikuwa limebaki wazi. Ndani ya beseni mlikuwa na sahani tatu na sufuria iliyogandamana maharagwe, na Sabato ilikuwa imekwisha kuingia. Tobias aliviona vyombo vile tangu ubeti wa kwanza. Aliviacha pale, akaendelea kuimba na watoto wake.