Kitambaa Cheusi cha Nahodha

Nimefua nguo za timu ya taifa miaka kumi na mmoja. Jezi zina namba, lakini soksi hazina, na mimi sikusoma. Kwa hiyo kila mchezaji nilimwekea alama yangu ya uzi ndani ya soksi, pale juu kwenye mpira unaobana mguu. Kipa fundo moja la kijani. Nahodha mafundo mawili mekundu. Hakuna siku mtu alivaa soksi za mwenzake.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Akapata kazi kwenye nchi iliyokuwa inajenga viwanja vya kombe la dunia. Siku ya kuondoka alinitania mlangoni. "Mimi najenga, wao wanakuja kucheza, wewe unafua jasho lao. Ukoo mzima tumeingia kombe la dunia."

Kwenye simu hakutania tena. Alisema wanafanya kazi juu ya vyuma saa sita mchana, pasi zao za kusafiria kazifungia msimamizi, na mtu akianguka kwa joto hawaelezwi alikopelekwa, ila jioni kitanda chake kina mtu mwingine. Mwezi wa saba alirudi kwenye sanduku lililopigwa misumari.

Wakala aliyempeleka alikuja na sanduku na karatasi. "Weka dole hapa, mama, uruhusiwe kuzika." Nikaweka. Baada ya mazishi ndipo mwalimu wa jirani aliponisomea ile karatasi: marehemu amekufa kwa ugonjwa wa moyo aliokwenda nao, na familia haina lalamiko lolote. Mume wangu hakuwahi hata kulazwa. Mimi ninayewawekea watu alama ili wasichanganyiwe soksi, niliweka alama yangu kwenye uongo, kwa dole langu mwenyewe. Kila ofisi niliyokwenda walinionyesha lile dole.

Halafu timu yetu ikafuzu, na redio ikasema kuna watu nchi za mbali wanataka timu zao zisiende kwenye kombe hilo, kwa ajili ya wafanyakazi waliokufa. Siku ile nilikula nikashiba. Nikaenda mwenyewe kumpelekea nahodha nguo zake, nikamkuta kambini anafunga kamba za viatu.

"Msiende," nikamwambia. "Ule uwanja umemla mume wangu."

Alimaliza kufunga kamba. "Mama, tukikataa sisi, watapelekwa wengine kesho yake."

"Basi waende hao wengine. Wewe usiende."

"Nimeanza kucheza bila viatu, mama. Hii ndiyo nafasi yangu moja." Akanishika mkono. "Nishonee kitambaa cheusi. Nitakivaa mkononi, dunia nzima ione. Nakuahidi."

Nilikishona usiku uleule kwa gauni nililovaa kwenye msiba, nikakipiga pasi, nikakikunja mara nne. Nilipompa, nikamwambia kocha sifui tena nguo za timu mpaka safari hii ifutwe. Kocha hakubisha. Aliniuliza tu kama namjua mfuaji mwingine.

Mfuaji mwingine alikuwa wifi yangu, dada yake marehemu, tunayekaa naye ua mmoja. Kesho yake nilimkuta kainamia karai langu, anasugua jezi.

"Wifi, hao wanakwenda kuchezea juu ya kaburi la kaka yako."

"Kaka amekufa. Mimi na wanangu hatujafa," akasema bila kuinua kichwa. "Wewe gomea mpira. Mpira wenyewe hata hauna habari kama umeugomea."

Wapangaji wakacheka. Tangu hapo wakaniita Mgomo. Mgomo, maji yametoka. Mgomo, leo umemgomea nani?

Niliapa sitatazama. Mechi ya kwanza ilipoanza alasiri, televisheni ikawekwa dirishani, ua mzima ukajaa, mimi nikajifungia ndani. Wimbo wa taifa ulipopigwa nikashindwa. Nilitoka nikasimama nyuma ya watu, natafuta mkono mmoja tu. Nahodha alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Mkononi alikuwa na kitambaa cha unahodha tu; cheusi hakikuwapo.

"Labda kakivaa ndani ya jezi," nikasema, na sijui nilikuwa namwambia nani.

"Kaa chini, Mgomo, unatuziba," mtu akasema.

Walifungwa mechi zote tatu wakarudi. Mfuko wa nguo ulitupwa uani, na wifi akaumwaga chini. Akageuzageuza soksi, akachoka.

"Wifi, njoo. Mimi hizi alama zako sizijui. Hizi za nani?"

Ningekataa. Lakini mikono ilikwishazoea, nikachuchumaa, nikaanza kutenga. Kijani, kipa. Mafundo mawili mekundu yalikuwa kwenye soksi zilizokunjwa pamoja, hazijavaliwa. Ndani yake niligusa kitu laini. Nikakitoa. Kilikuwa bado kimekunjwa mara nne, na mikunjo ya pasi yangu ilikuwa palepale.

Wifi alikitazama. Alilijua lile gauni, maana msibani tulivaa sare.

"Na hicho kinafuliwa?" akaniuliza, kwa sauti ya chini safari hii.

"Hicho ni kisafi," nikamjibu. Nikaendelea kumtengea soksi mpaka zikaisha, kwa sababu bila mimi angezichanganya.