Madame Léa na Kopo Lisilo na Kilima

Madame Léa alifundisha somo la msumeno bila msumeno. Askari waliopita mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, mwaka uliotangulia walikuwa wameuchukua, pamoja na nyundo mbili, randa, na mlango wa karakana; huo mlango mpaka leo hakuna anayejua waliufanyia nini. Basi alichora msumeno ubaoni, jino kwa jino, akawaamuru wanafunzi wake arobaini wa mwaka wa pili wa sekondari wainue mikono na kukata mbao hewani. Wakakata, jasho likawatoka, na mmoja akalalamika kwamba ubao wake una fundo gumu. Léa alicheka mpaka akashika ukuta.

Ndivyo alivyokuwa Kyakimwa Léa, binti wa muuza maharage, miaka ishirini na sita, mwepesi wa kucheka hata mahali pasipofaa. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu, na mji ulibadilisha wakubwa mara nyingi kuliko yeye alivyobadilisha viatu. Katikati ya hayo yote yeye alifundisha teknolojia, vipindi viwili kwa juma: tazama shida ya watu, chora dawa yake, itengeneze, ijaribu. Alilipenda somo hilo kupita kiasi, wala hakuona haya kulisema.

Jumatatu moja mkuu wa shule, Préfet Ézéchias, alimwita ofisini. Serikali ilikuwa imeisahau shule siku nyingi. Wazazi ndio waliokuwa wakiibeba, na kwa hiyo wazazi ndio waliokuwa wakiamua.

"Madame, bazazi banasema batoto beko nachezea bati tu," Préfet alisema. "Banataka ile masaa mbili tuitie mu commerce, bajifunze biashara."

"Na mimi?"

Préfet akatazama dirisha. "Samedi bote banakuja. Onyesha kitu moja yenye kutumika. Moja tu. Kama hapana, nitafuta ile somo mu horaire, pale ku ubao ya uani, mbele yabo."

Jumamosi ilikuwa siku tano tu mbele. Léa alitoka ofisini, na kabla hajafika darasani tayari alikuwa anakimbia. Aliingia akihema, akauliza, "Bazazi benu banachokaka na nini?"

"Maharage!" sauti arobaini zikajibu kwa mpigo.

Ilikuwa kweli, maharage ndiyo yaliyowachosha. Maharage kutoka Luofu yaliingia sokoni kwa magunia, na mama zao walishinda wamechutama, wakipima kopo kwa kopo mpaka migongo ikakataa kunyooka. Kwa hiyo darasa lilibuni mashine ya kupima maharage: pipa la bati juu, mdomo chini yake, na sahani pana ya mbao yenye makopo sita, inayozungushwa kwa pedali ya baiskeli kuukuu. Fahari ya Léa ilikuwa kibao chembamba kilichopita juu ya kila kopo na kulisawazisha pwaa, bila punje moja kuzidi.

Jumatano milio ya bunduki ilisikika upande wa barabara ya Beni. Wote walilala kifudifudi sakafuni, na kwa kuwa siku zilikuwa zimebaki chache, wakaendelea kuchora hukohuko chini.

"Madame, mustari yangu inapinda," alinong'ona Falonne, msichana ambaye hata kimya chake kilikuwa na maswali.

"Endelea tu, mwanangu. Ni risasi njo inapinda, hapana wewe."

Kicheko kikapita chini ya madawati yote. Mchoro wa siku hiyo ulikuwa na mistari ya ajabu kweli, lakini vipimo vyake vilikuwa sahihi, na Ijumaa mashine ikasimama.

Jumamosi wazazi walijaa uani. Mbele kabisa aliketi Mama Vagheni, rais wa kamati ya wazazi, mwenye magunia mengi ya maharage kuliko mtu yeyote sokoni. Neno lake ndilo lilikuwa neno la kamati. Falonne alikanyaga pedali. Maharage yakamiminika, sahani ikazunguka, kibao kikapita, na makopo sita yakatoka yakiwa sawasawa kabisa. Léa alikuwa ameshaanza kutabasamu, akingoja makofi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Vagheni aliinuka, akachukua kopo moja, akalitazama kwa mbele, akalitazama kwa ubavu.

"Kilima iko wapi?" akauliza.

Léa akakumbuka papo hapo. Butembo kopo la maharage halijajaa likijaa hadi ukingoni tu. Hujazwa mpaka juu yake pafanye kilima, na anayeuza kopo bapa ni mwizi, yeye na ukoo wake. Watoto arobaini wa wafanyabiashara, pamoja na binti wa muuza maharage, walikuwa wamepima kimo cha kopo, upana wake, hata unene wa bati, na hakuna hata mmoja aliyeandika kilima. Hawakukiandika kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji kuambiwa habari zake. Ni nani anayeandika daftarini kwamba ugali huingia mdomoni?

"Ni mashine ya bwizi!" mtu alipaza sauti.

"Banafundisha batoto yetu kuiba!"

Préfet alishika kitambaa cha kufutia, akaelekea ubaoni kwenye ratiba ya masomo. Aibu ilimchoma Léa mpaka masikioni, alitamani ardhi immeze, na papo hapo, maskini, kicheko kikampanda. Alijaribu kukimeza, kikamshinda.

"Préfet, ngoja! Dakika kumi tu!" alisema akijifuta machozi. "Mama Vagheni iko na haki. Tumekosa. Mie, mutoto ya muuza maharage, nimesahabu kilima! Mama, nakuomba, utuonyeshe yako, tuipime."

Mama Vagheni hakubembelezwa mara mbili. Alichota, akamimina, akakipapasa kilima chake kwa kiganja kwa madaha. Falonne akapima: vidole vitatu. Mama mwingine akaruka, "Ile njo kilima? Mutazame yangu!" Akajaza, kikapimwa, kikawa na vidole viwili na nusu, na uwanja mzima ukaanza kubishana.

Léa hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akitazama maharage yenyewe. Kilima kikifika mahali pake, punje zinazofuata huteleza na kuanguka pembeni; maharage yanajua yenyewe pa kuishia. Alikamata kile kibao alichojivunia, akaking'oa kwa mikono mitupu, akatandika lungo la kupepetea la mama mmoja chini ya sahani.

"Falonne, kanyaga. Polepole."

Maharage yalimiminika, yakapanda, yakaanza kuteleza lungoni. Kopo likatoka na kilima kilichochongoka. Falonne alipima, akapima tena, kisha akatazama chini.

"Vidole ine," akasema.

Uwanja ulilipuka. Wamama waliokuwa wakinunua kwa Mama Vagheni tangu wakiwa wasichana walishikana mabega kwa kicheko. "Mama Vagheni, ile kidole yetu moja ilikuwaka inaenda wapi?"

Hapo Léa aliacha kucheka. Alikuwa amemwumbua mbele ya watu yule mwanamke mmoja aliyeshikilia somo lake mkononi. Préfet bado alikuwa na kitambaa chake, akingoja.

Mama Vagheni alikiinamia kile kilima. Mabega yake yakaanza kutikisika, kisha tumbo, kisha mwili mzima, na kicheko chake kikawazidi wote.

"Préfet, weka ile chiffon," alisema alipoweza kusema. "Somo ibaki. Lakini na mashine ibaki hapa! Siku nitaiona mu soko, nitaipasua kuni."

"Wasingya, mama! Wasingya kutsibu!" Léa alishukuru kwa lugha ya nyumbani, akajitupa juu ya gunia akilia na kucheka kwa pamoja, huku watoto arobaini wakimrukia.

Mama Vagheni alikuwa ameshafika kwenye lango alipogeuka. "Madame, mwaka yenye kuja mutoto yangu ya mwisho ataingia kwako. Umufundishe yote," alisema. "Kilima tu, uniachie. Ile nitamufundisha mie mwenyewe."