Ami, Mtukane Baba

Nikisikia koleo likikwaruza theluji asubuhi, mimi hucheka peke yangu. Majirani sijui wananionaje, lakini sauti ile hunirudisha kwenye nyumba yetu ya North York, huku ughaibuni, majira ya baridi Baba alipofanyiwa upasuaji wa moyo.

Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akitusomesha habari za washairi wa London wa zamani sana, waliochambana kwa beti mpaka wengine wakaumbuana jukwaani kwenye tamthilia. Wenzangu walishangaa, watu wazima wanatukanana kwa vina! Mimi nilipiga miayo. Kwetu hayo yalikuwa mambo ya kawaida.

Maana Baba, mtu wa Tanga, alikuwa na mshindani wake, Ami Sefu wa Pemba, ami wa heshima tu. Kila harusi, kila Idi, walisimama ukumbini wakachambana kwa mashairi, watu wakacheka hadi kushika mbavu. Baba alimwita mwenzake bata aliyevaa koti. Ami Sefu alisema sauti ya Baba yafukuza panya. Mshororo ukipungua mizani, yaani silabi moja tu, mtu alichekwa mwaka mzima. Baba aliwahi kukosea. Ami Sefu, kamwe.

Baada ya upasuaji Baba alirudi nyumbani mnyonge. Watu wakaja na uji, dua na pole nyingi. Ami Sefu naye akaja, akakaa kwenye ncha ya kiti, akasema taratibu, "Ndugu yangu, Mola akuafu." Basi! Hata kijembe kimoja hakuna. Alipoondoka, Baba aligeukia ukutani, akamwambia Mama, "Sefu ananihurumia. Mimi si mtu tena." Tangu hapo akawa hagusi chakula, na daktari alikwishasema asipokula hatapona. Niliogopa, jamani, niliogopa sana.

Ami Sefu alipokuja tena nilimwahi mlangoni. Kiswahili changu kilikuwa cha kubabaisha, nimezoea kujibu kwa Kiingereza, lakini siku ile nilikitafuta chote nilichokuwa nacho.

"Ami, plizi, mtukane Baba."

Alinitazama, machozi yakamlengalenga. Akavua viatu, akaingia chumbani, akasimama miguuni pa kitanda na kughani:

Umelala kitandani, theluji waikimbia,
Koleo liko nyumbani, nani atalitumia?
Mgonjwa gani mwandani, pilau abugia?
Inuka toka shukani, jibu, wacha kusinzia!

Mama alishika mdomo. Vidole vya Baba vikawa vinahesabu juu ya blanketi. Ghafla akapaza sauti: "Mshororo wa tatu! Umepungua mizani! Sefu, umepungua mizani!" Akajikongoja akaketi, akaomba kalamu, na kabla kalamu haijafika akaomba uji. Ami Sefu aliinamisha kichwa kama mtu aliyefedheheka. Mwaka mzima Baba alimsimanga ukumbini kwa kosa lile, naye hakujitetea hata mara moja.

Nami nilicheka pamoja nao, nikifurahi kwamba Baba ameshinda. Nilikuwa mtu mzima tayari, namfundisha mwanangu kuhesabu mizani kwa ubeti uleule, ndipo nilipoona kwamba pale penye "abugia", "anabugia" lingetimiza mizani kabisa. Neno la kila siku, hata mtoto angeliona. Ami Sefu hakuwa amekosea.