Dereva wa Mzee Telesphory

Saburi aliitambua sauti kabla hajaiona sura. Alikuwa akifuta kioo cha Land Rover ya ofisi pale Kibaha, asubuhi moja ya Aprili 1980, mtu akauliza nyuma yake, "Dereva, tutawahi Maneromango kabla ya mvua?"

Akageuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mzee Telesphory hakumkumbuka. Angemkumbukaje? Mwaka 1974, siku ya operesheni ya kuhamishia watu vijijini, akiwa ofisa wa serikali, alisimama pembeni akiwaamuru mgambo waezue mapaa ya kitongoji chao kati ya Maneromango na Mzenga. Bi Biasha, mama yake Saburi, alikuwa kitandani na homa. Saburi alipiga magoti, akaomba wangojewe siku mbili tu. "Agizo ni agizo," alijibiwa. Wakamtoa mama na kitanda chake, nyumba ikaangushwa, wakapakiwa kwenye lori hadi kijiji kipya cha Mzenga ambako hapakuwa na hata kibanda. Mvua ikawanyeshea. Siku ya sita wakamzika mama.

Sasa bwana huyo alikuwa amestaafu, ofisi ikamwazima gari, na alitaka mkewe, Laurensia, alione kanisa la kale la Walutheri kabla hawajarudi kwao Songea. Saburi akawapitisha Mlandizi.

Huko Maneromango mzee wa kanisa aliwatembeza. Aliwaonyesha unene wa kuta, mbao za dari, makaburi ya watu wa misheni nje kwenye nyasi. Telesphory alipapasa ukuta kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

"Unaona, mke wangu? Nyumba iliyojengwa na wazee haiguswi. Anayebomoa kitu kama hiki hana utu."

Saburi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Mpaka dakika ile alikusudia kuwarudisha salama, akale kwake, alale. Maneno yale yakamchemsha damu.

Wakati wa kurudi, mwendo mrefu kabla ya Mzenga, alisimamisha gari kando ya kichaka. Mawingu yalikuwa yameshatanda.

"Shuka, mzee. Kuna kingine cha kale."

Telesphory akashuka, akatazama huku na huku. "Mbona sioni kitu?"

"Hapa palikuwa na nyumba ya babu yangu. Uliivunja wewe. Mama yangu alikuwa mgonjwa ndani, mkamtoa, akanyeshewa mpaka akafa."

Mzee akamkodolea macho. "Kijana, mimi nilitekeleza tu agizo."

"Mlimtupa mgonjwa mvuani?" Laurensia aliuliza kutoka garini. Mumewe akainamisha uso.

Saburi akapanda, akafunga milango kwa ndani, akatia gea. Telesphory akakimbilia mlango, akaukuta haufunguki.

"Mama, utashuka naye?"

Laurensia alifunga kanga vizuri mabegani, akatazama mbele. "Endesha."

Mvua iliwakuta Mlandizi. Telesphory ilimkuta njiani kwa miguu, ikamlowanisha mpaka mifupa. Aliingia Mzenga jioni akitetemeka, kiatu kimoja kimebaki topeni, akahifadhiwa na watu wale wale aliowahamisha. Walimpa uji na mkeka.

Saburi alifukuzwa kazi wiki ile ile. Alikabidhi ufunguo bila kuomba radhi, akarudi kulima. Dada yake Mwamvita alimuuliza kama angalau moyo umetulia.

"Haujatulia," alisema. "Wangemnyima na huo uji."